Supu ya Mama Hani

Wanza alirudi Athi River mwaka wa 2008, miaka mitano baada ya kuapa kwamba hatakanyaga tena huko. Alikuwa amesikia kwamba Mama Hani amerudi kwao na hoteli yake sasa inaendeshwa na mtu mwingine. Habari hiyo ndiyo iliyompa ujasiri. Alitamani supu ile, na alitaka kuila mahali ambapo hakuna anayemjua.

Mama Hani alikuwa Mvietinamu. Jina lake hasa lilikuwa Hanh, lakini wasichana wa kiwandani walilitia mkia ili litamkike. Aliletwa kufundisha ushonaji katika kiwanda cha suruali, akagombana na wakubwa, akatoka, akakodi chumba cha mabati nyuma ya ukuta wa kiwanda hichohicho. Humo alichemsha mifupa ya ng'ombe tangu alfajiri, pamoja na mdalasini, tangawizi na vitunguu alivyovibabua kwenye makaa, na kiungo kimoja chenye umbo la nyota alichokuwa akitumiwa kutoka kwao. Mchuzi huo aliumimina juu ya tambi nyeupe za mchele na vipande vya nyama vyembamba kama karatasi, akamalizia kwa dhania na ndimu. Mwanzoni watu walicheka, wakauliza ni chakula gani hiki cha kuvutwa kama kamba za viatu. Haukupita mwezi wakaanza kupiga foleni.

Wanza na rafiki yake Kamanthe, waliokuwa wakishona kiwandani humo, walikula hapo kila Jumamosi. Walikuwa wametoka kijijini kwao Kivaa pamoja kuja kutafuta kazi, wakaishi chumba kimoja mpaka Kamanthe alipoolewa na Mutua, kijana aliyekuwa akimletea Mama Hani mifupa kutoka kichinjioni. Kamanthe alikuwa mtu wa maneno. Alitia pilipili kwenye supu mpaka kamasi zikamtoka, na bado akaendelea kuongea.

Sasa kiwanda kilikuwa kimefungwa. Nyasi zilikuwa zimeota hadi mlangoni, na geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo ulioshika kutu. Hotelini kulikuwa na meza tatu tu, na mteja mmoja, mzee wa Kisomali mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyekuwa akila polepole. Wanza alikaa akilipa jiko mgongo.

"Supu ya tambi," alisema bila kugeuka. "Kubwa."

Bakuli lilipowekwa mbele yake aliinua macho kushukuru, akamwona Mutua.

"Wanza? Si ni wewe?" Mutua alipangusa mikono kwenye aproni, akamshika mkono, hakuuachilia. "Nilidhani ulienda mbali. Uko wapi siku hizi?"

"Niko Machakos mjini. Nashona uniformu za shule."

"Mimi niko hapa. Baada ya mazishi ya Kamanthe nilikuwa nakuja kukaa tu, kazi imenishinda. Mama Hani akanipa kisu, akaniambia nikate nyama. Alipoenda aliniachia kila kitu. Onja, uniambie."

Wanza alionja. Mchuzi ulikuwa mwepesi kuliko ule wa zamani na kile kiungo cha nyota hakikuwamo, lakini tangawizi iliyobabuliwa ilikuwapo, na harufu yake ilikuwa ileile. Alisema ni tamu. Mutua alifurahi, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Niko na swali moja," alisema. "Nimekaa nalo miaka tano, na wewe ndiye unaweza kunijibu. Siku ile mlikuwa laini moja ya mashine. Wewe ndiye ulikuwa supavaiza wake. Kwa nini alinyamaza?"

Wanza aliweka kijiko chini.

"Ile barua ya kampuni walisoma kwa mazishi ilisema hakuomba ruhusa, hakumwambia mtu anaumwa. Mtu ako na mimba ya miezi sita, damu inatoka, na anashona tu? Kamanthe hangenyamaza hata kama ni kifungo kimekosa kwa shati. Nimemkasirikia, Wanza. Nikienda kwa kaburi namuuliza, ulikuwa unaogopa nani? Naona ni kama aliniulia mtoto kwa kunyamaza."

Alipoona Wanza ameinamisha kichwa, alidhani ni huzuni. "Pole," alisema. "Kula kwanza, itapoa." Akaanza kuinuka aende kuangalia sufuria. Wanza aliona kwamba angeweza kumwacha aende, na mambo yangebaki vile yalivyokuwa.

"Hakunyamaza," alisema.

Mutua alisimama palepale.

"Aliniomba mara tatu. Kuanzia saa nane. Alisema tumbo linamkata, nimwache aende hospitali. Meneja alikuwa ametuambia kontena ikichelewa laini yetu yote inafutwa. Nikamwambia amalize bando yake ya suruali kwanza. Ilipofika saa kumi akaanguka chini ya mashine."

"Na barua?"

"Waliniita ofisini kesho yake. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa tayari. Nikatia sahihi."

Mutua alienda kwenye meza ya yule mzee. "Mzee wangu, samahani, leo nafunga," alisema kwa upole. Mzee alizitazama nyuso zao, akasema hakuna neno, akachukua fimbo yake na kuondoka, bakuli lake likiwa nusu. Mutua alimwaga maji kwenye jiko. Moshi na majivu vilijaa chumbani, na Wanza akakohoa, lakini hakutoka.

"Mama yake bado ako Kivaa," Mutua alisema akiwa amempa mgongo. "Yeye pia anaamini ile barua. Kesho utaenda kumwambia. Mimi siwezi kurudia hayo maneno."

"Nitaenda."

"Na mimi nitakuwa hapo. Nisikie kama utapunguza."

Hakupunguza. Walimkuta mama yake Kamanthe ameketi uani akimenya mbaazi, na Wanza alisimulia yote akiwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kiti. Mama alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na kazi. Mwisho aliuweka ungo chini.

"Mara ya kwanza alisemaje?"

"Alisema tumbo linamkata."

"Ya pili?"

"Alisema anaona damu."

"Na ya tatu?"

"Alisema, Wanza, si unanijua."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia amalize bando, mwaitu."

"Usiniite mama," alisema yule mama, bila kupaza sauti.

Aliinuka kwa kushika bega la Mutua, wakaenda pamoja nyuma ya nyumba, kaburini. Wanza alimsikia yule mama akizungumza Kikamba kwa sauti ya chini, muda mrefu, kama mtu anayemwomba radhi mtoto aliyemchapa bure. Alisubiri mpaka jua likawa utosini. Hakuna aliyerudi kumwambia kitu, akaondoka peke yake.

Wiki mbili baadaye Wanza na Mutua walikutana katika ofisi ya leba, inakopelekwa malalamiko ya wafanyakazi. Wanza aliandikisha ushahidi mpya na kutia sahihi. Karani alieleza kwamba kampuni haipo tena na wenyewe walishahama nchi, kwa hiyo hapakuwa na wa kushtakiwa. Karatasi ingewekwa tu ndani ya faili. Mutua aliomba nakala, akaikunja mara nne.

Nje, Wanza alimuuliza kama anaweza kuja siku moja kumsaidia kazi pale hotelini, hata kuosha vyombo.

"Hapana," Mutua alisema. Aliitia ile nakala mfukoni mwa shati, akavuka barabara kuelekea yanakopandwa magari ya Kivaa.