Atakayeifungua Faili ya Kaze

Sijawahi kuona watu wakishangilia msiba wao kama siku ile, kwenye semina ya kompyuta za kwantamu. Profesa alituonyesha hesabu ambazo mashine zetu zingezihangaikia maelfu ya miaka, akasema hizo mpya zitazimaliza upesi. Benki zitanufaika, dawa zitagunduliwa haraka, wenye malori watapata njia fupi na kuokoa mafuta. Wafanyabiashara wakapiga makofi. Mimi Uwineza, mtunza kumbukumbu wa maabara moja ya vipimo vya vinasaba hapa Kigali, nilinyoosha mkono nikauliza juu ya faili zilizofungwa kwa mafumbo ya hesabu tunayotumia leo, kisha zikaibiwa.

"Hizo zimeshapotea," alijibu. "Zimebaki kusomwa tu."

Wadukuzi, wale wanaouza siri za watu, walinakili faili zetu zote mwaka jana. Mkurugenzi alituambia tusihofu, wezi wamebeba sanduku bila ufunguo, na mimi kwa ujinga wangu nikalala usingizi. Kumbe ufunguo unachongwa, ndio hizo mashine mpya. Kufuli jipya tutakaloweka leo halifiki kwenye nakala iliyo mikononi mwao.

Kati ya majina yote niliwaza moja. Miaka saba iliyopita Mzee Usumani, fundi cherehani wa Gatsata, alileta sampuli yake na ya bintiye Kaze, maneno ya majirani yakiwa yamemchosha. Jibu lilisema Kaze si damu yake. Aliisoma karatasi mara mbili, akaichana, akauliza kama imebaki nyingine. Nikamwambia imebaki ndani ya kompyuta, nikamwapia kwa jina la mama yangu kwamba hakuna kiumbe atakayeifungua. Akaenda zake kulea mtoto. Mkewe alikufa bila kujua kwamba mumewe anajua.

Baada ya semina nilimfuata, nikamkuta dukani peke yake, akipiga pasi. Kaze alikuwa amekwenda Nyabugogo kununua vitambaa. Nilimweleza yote. Nilitamani anitukane, ningepumua. Alizima pasi, akauliza kama faili inaweza kufutwa. Yetu ndiyo, nikamwambia, lakini ile ya wezi ni maji yaliyomwagika, hayazoleki.

"Miaka ngapi?"

"Kumi, labda kumi na mitano. Hakuna anayejua hasa, Mzee."

Ana miaka sabini na moyo mgonjwa. Niliona nafuu ikimpita usoni, kisha ikatoweka alipomkumbuka mtoto. Nikamsihi amwambie mwenyewe, angali hai. Akasema hawezi. Amejaribu tangu walipomzika mama yake Kaze, na kila akiitwa baba, ulimi unamfia mdomoni.

"Wewe uliniapia," alisema. "Mimi sitakuwako. Hiyo siku ikifika, wewe ndiyo utaenda kwake. Umwambie nilikuwa najua toka yeye iko darasa la tano, na sikumpenda nusunusu."

Nikakubali. Kaze akarudi na furushi lake, akaniamkia kwa heshima, akamwuliza baba yake kama amekunywa dawa. Niliaga nikijichukia.

Sikuwa na moyo wa kumwambia mzee kwamba watakaoifungua hawatapiga mbiu. Siku hiyo itakuwa kama siku nyingine yoyote, na Kaze atatumiwa na wezi hao, aisome peke yake kwenye simu, mimi nikiwa kazini sina habari.