Nusu ya Mama

Ukuta ule Noonkipa aliukandika kwa mikono yake mwenyewe, kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kama wanawake wote wa Kimasai wa tambarare ile chini ya Same. Sasa mumewe anataka aukandike upya, na yeye hataki. Hataki kabisa! Pale karibu na mlango, usawa wa kimo cha mtoto, kuna maandishi ya mkaa, na maandishi hayo ni jina la mwanawe wa kwanza, Ledama, aliyechukuliwa na maji.

Tena maji yenyewe ya kuonea. Mvua imenyesha huko juu Upareni, huku chini jua linawaka, mtoto anavusha ndama korongoni hana habari. Ndama walipona wote. Noonkipa akiwaona wananyonya anatamani kuwapiga mawe.

Kwao, mtu akishakufa jina lake halitajwi tena nyumbani. Hilo alilijua tangu utotoni na hakuwahi kuliona gumu, mpaka lilipomfika mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakimwita Mama Ledama walianza kumwita Mama Nashilu, kwa jina la bintiye, siku ileile, kwa huruma zao, na yeye akawa akiitwa hivyo anageuka kumtafuta huyo mwingine.

Aliyekosea alikuwa mmoja tu, Mwalimu Agatha wa darasa la awali, Mpare wa Mamba. Alikuja kuhani na sukari na tangawizi ya kwao, akamshika Noonkipa mikono yote miwili, akaangua kilio. "Mwee! Ledama wetu! Ledama mtoto mzuri jamani!" Huko kwao milimani marehemu hutajwa, huombewa kwa jina lake kanisani, na asipotajwa watu hununa. Wazee wakainuka mmojammoja wakatoka. Noonkipa alipaswa kukasirika. Kumbe wapi! Alitamani amwambie, hebu rudia.

Na lile jina ukutani lilitokana na huyohuyo Agatha. Tarakimu aliwafundisha watoto kwa vizibo vya soda, na maneno kwa kadi alizokata kwenye maboksi ya sabuni. Alikuwa anainua kadi, watoto wanapiga kelele: mama! dada! kule! Walipoyazoea, akamwambia kila mmoja achague jina la mtu anayempenda. Nashilu akamchagua kaka yake, maana ndiye aliyembeba mgongoni penye miiba akimpeleka shule. Jioni ile akaliandika ukutani. Ledama, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alicheka mpaka akakaa chini, akauliza kichwa chake kiko upande gani.

Msiba ulipopita, Nashilu akawa kila akipita mlangoni analisoma, kwa sauti, kama yuko darasani. Bibi yake anaziba masikio. Wageni wanaaga kabla ya chai. Elifasi, mumewe Noonkipa, si mtu wa makelele, lakini asubuhi ile alipokuwa anatoka kwenda mnadani alisimama mlangoni akasema bila kumtazama mkewe, "Nikirudi nisilikute."

Basi. Noonkipa akakanda udongo na mavi ya ng'ombe, akakaa mbele ya ukuta, mikono imelowa hadi viwiko, akashindwa kuanza. Atafuta nini, naye hajui kusoma? Kwake ilikuwa michirizi tu. Mwanawe yuko hapa ukutani, na mamaye mzazi hamwoni! Akamwita binti yake.

"Nionyeshe lilivyo. Lakini usilitaje."

Nashilu akashangaa. Atafundishaje neno bila kulitaja? Akakuna kichwa, halafu akaweka kidole mwanzoni.

"Hii ni ile ya kule."

"Kule wapi?"

"Kule tu. Mwalimu akisema kule anaonyesha milimani." Akasogeza kidole. "Hii nusu ya dada. Dada ndio mimi."

"Na hii ya mwisho?"

"Nusu ya mama."

"Nusu yangu?"

"Ee. Yako."

Noonkipa akapeleka kidole chake chenye udongo pale mwishoni, akakipitisha polepole, akarudi mwanzo, akapita tena mpaka akalishika. Sasa akilikuta popote duniani atalijua. Alilia kwa sauti na hakujali nani anasikia. Kisha akachota udongo akaanza, maana mwiko ni mwiko. Akaifunika ile ya kule. Akaifunika ya dada. Kufika kwenye ile nusu yake, mkono ukagoma. Kila akiunyanyua, unarudi chini.

Nashilu alimtazama weee, mwishowe akaenda jikoni akarudi na mkaa. Pembeni ya ile nusu akaandika nyingine kama hiyo.

"Sasa si jina la mtu, mama. Ni neno la shule. Hili baba hawezi kukataa."

Elifasi alirudi jua limeshaegemea. Akaenda moja kwa moja ukutani, fimbo mkononi. Akaona udongo mbichi, akaona na mkaa. Uso ukamkunjamana.

"Hii nini imebaki?"

"Neno la shule, baba," Nashilu akasema upesi. "Imeandikwa mama."

Elifasi akashusha pumzi. Hata akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamshika bintiye kichwani. Akauliza kama baba yeyote anavyomtania mtoto anayejua kusoma:

"Mama nani?"

"Mama Le..." Nashilu akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Noonkipa aliwaza, sasa atafoka, sasa shule ndiyo basi. Elifasi hakufoka. Alisimama akiutazama ukuta, akiwa na fimbo ileile aliyokuwa akichungia na mwanawe.

"Malizia," akasema.

Mtoto akatikisa kichwa.

"Malizia, mwanangu. Nisomee."

Nashilu akautazama ukuta, akamtazama baba yake, akaanza kulia.

"Haipo tena, baba. Tumeifuta."