Sakafu ya Binamu

Hapana, kuruka hakuruka. Anayeruka anakwenda mahali. Yule binti fundi magodoro alikuwa hagusi sakafu tu, basi, nafasi ya vidole viwili hivi, ungeweza kupitisha ufagio chini yake asijue. Ilianza wiki ile alipozikwa baba yake. Babu mtu aliagiza zamani nyumba ishikwe na wanaume peke yao, na mwanaume aliyebaki kwenye ukoo ni binamu, mtoto wa shangazi, kijana mpole, muuza miwani. Asubuhi binti akateremka kitandani akanawe uso, miguu ikabaki hewani.

"Mama, sakafu imenikataa."

"Si yako, ndiyo maana," mama akasema, akaendelea kuchambua mchele. "Vaa soksi, usije ukapata baridi."

Barabarani alikanyaga kama watu wote. Tabu ilikuwa ndani, na kazi yake ni ya ndani. Pamba ya godoro sharti uishindilie kwa miguu, kona kwa kona, la sivyo mteja atalala bondeni. Akaingia kwenye godoro na mashaka yake, na miguu, haya, ikazama mpaka magotini. Pamba alinunua mwenyewe, kitambaa mwenyewe. Basi magodoro yaliyokwisha akawa anayatandika, moja ukumbini, moja jikoni, anapita juu yake kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mteja akichukua lake, jiko halifikiki mpaka ashone lingine. Biashara ikichanganya ndiyo siku hana pa kukanyaga. Usicheke, ngoja nimalize.

Binamu akaja, shati limepigwa pasi, jasho linamtoka.

"Dada," akasema, akajikwaa. "Yaani, si dada. Nimefikiri. Ukiolewa na mimi, hutoki hapa. Na mama hatoki."

"Nikikataa?"

"Mwisho wa mwezi nahamia. Ukoo mzima umenikalia kooni, mimi nifanyeje?"

"Ukae kwako."

"Kwangu ndiyo hapa," binamu akasema, kwa huruma kabisa, maana ilikuwa kweli.

Mama akamvuta binti jikoni. "Mwanangu, halewi, hapigi, meno yote anayo. Unataka nini tena? Ukishaolewa utatua chini."

"Wewe ulitua?"

Mama siku zote alivaa magauni ya kuburuta, watu wakidhani ni heshima. Akapandisha gauni kidogo. Nyayo zilikuwa safi kama za mtoto mchanga, hewani, vidole viwili vilevile.

"Tangu siku ya harusi," akasema. "Baba yako alikuwa mtu mwema sana. Hakuwahi kutazama chini, basi."

Binti akamrudishia mama gauni vizuri. Akaenda ukumbini akamwambia binamu asante, lakini hapana. Atapanga chumba nyuma ya soko, yeye na mama yake, na kodi ataitoa mwenyewe. Sakafu ya huko ikishika, itashika. Isiposhika, pamba ipo.

Binamu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akauliza kama anaweza kubaki ale, maana alitoka kwake na njaa, kwa woga.

"Unatuuliza sisi?" mama akasema. "Si nyumba yako hii?"

Viti navyo vilikuwa vya nyumba. Wanawake wakivikalia wanaelea, mchuzi unamwagika. Wakatandika godoro jipya katikati ya ukumbi, binti akamshika mama mkono. Mama akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akazama.

"Lo! Kumbe mimi mzito hivi?"

"Mzito sana, mama," binamu akasema, na wote wakacheka, mama kuliko wote. Akajitupa chini kwa makalio, puu, akajinyanyua kidogo, akajitupa tena.

Sufuria ikawekwa katikati, binamu naye akavua viatu akakunja miguu.

"Kuleni basi," fundi akasema, akimpa kijiko. "Mwenye godoro anakuja kulichukua saa kumi."

Wakasogeleana, wakala.