Wasomaji Waliokuja Kabla ya Kitabu

Alasiri moja ya Februari, Khadijah Hemedi alikuwa amepanda juu ya kiti akipanga vitabu vya hisabati vya kidato cha pili, mteja akaingia na kuuliza kama anayo ile riwaya ya taa zilizo chini ya ziwa. Khadijah hakugeuka mara moja. Duka lake liko kwenye barabara inayoteremka kuelekea stesheni ya reli, na tangu enzi za marehemu babake limeuza vitu vile vile: vitabu vya shule, Biblia na Misahafu, madaftari, chaki, na vitabu teule vya mtihani. Riwaya nyingine huletwa mojamoja. Hukaa rafu ya juu karibu na feni mpaka jalada lipauke.

"Ya nani?" aliuliza.

"Ya Caren Awuor."

Hapo akageuka. Caren Awuor alimfahamu. Alikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya kutwa huko Nyamasaria, na kila muhula alikuja kununua chaki za rangi. Kwamba aliandika vitabu, Khadijah hakuwa na habari.

"Sina," alisema. "Kimetoka lini?"

"Hakijatoka. Nilidhani labda nyinyi mnacho."

Mteja alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye gauni la kitambaa ambacho hakijapata kuonekana sokoni Kibuye. Jua lilikuwa limeelemea upande wa ziwa na vivuli vya kila kitu mtaani vilielekea mlimani. Kivuli chake peke yake kililala kuelekea ziwani, kama cha mtu aliyesimama kwenye jua la asubuhi. Khadijah alimwomba asiegemee kioo cha kaunta kwa sababu kilikuwa na ufa, kisha akamuuliza ametoka wapi.

"Hapa hapa Kisumu," mwanamke alisema. "Ila mbele."

Akataja mwaka. Khadijah alipiga hesabu kichwani, akaona kwamba kufikia hapo yeye mwenyewe atakuwa ameshazikwa, akasema sawa, Mwalimu Caren akija atamuuliza.

Kesho yake walikuja wengine. Baada ya wiki chache veranda ilikuwa na foleni tangu duka linapofunguliwa. Walikuwa watu wa kila aina, wazee kwa vijana, na walizungumza Kiswahili chepesi kilichochanganyika na Dholuo na maneno mengine ambayo bado hayajafika. Khadijah walimwita Mama. Ijumaa alipofunga duka kwenda kuswali, walimngoja bila kunung'unika. Askari wa kaunti alikuja kuuliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kujaa njiani. Alipoambiwa wanangojea kitabu alisema kuna sheria ya wachuuzi na sheria ya pikipiki, lakini ya watu wanaongojea kitabu hajaisikia, akaenda zake.

Kitu kimoja hawakukiweza: kubeba. Mmoja wao alipewa kalamu ajaribu. Aliposhuka ngazi ya veranda, yeye alikwenda na kalamu ikabaki pale pale hewani, usawa wa mfuko wa shati, halafu ikaanguka. Khadijah aliiokota akairudisha kwenye boksi.

Siku moja alimuuliza kijana aliyeitwa Ondiek, aliyependa kusimama karibu na mlango, wamejuaje habari za kitabu ambacho hakipo.

"Tulisoma kile kingine chake," Ondiek alisema. "Gredi ya saba. Kile cha Akoth."

"Akoth gani?"

"Msichana anayekataa kuozwa mapema, anasoma kwa bidii, anakuwa nesi. Kila mtu kwetu alikisoma. Mimi mpaka leo ukiniamsha usingizini nitakutajia sifa za Akoth zote. Sasa kuna mahali Akoth anateka maji jioni, anatazama ziwani, anaona taa zinawaka chini ya maji, safu baada ya safu. Basi. Kitabu kinaendelea na habari za kisima. Haisemwi ni taa za nini. Ila kwetu ilisemekana sentensi hiyo ilibaki kutoka riwaya yake ya kwanza."

"Hamkumuuliza mwalimu?"

"Tulimuuliza. Alisema turuke, hiyo haitoki kwa mtihani." Ondiek aliwatazama wenzake kwenye foleni. "Ndiyo sisi hawa, Mama. Tumeletwa na hiyo sentensi."

Caren alikuja kununua chaki mwanzoni mwa Machi. Khadijah alimsimulia yote, naye akakaa juu ya katoni ya atlasi, mkoba ukiwa mapajani. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kidole kimoja kilichobabuka kwa asidi ya maabara.

"Hicho cha Akoth sijakiandika," alisema.

"Wao wanasema utakiandika."

"Najua. Nimeombwa."

Riwaya yenyewe, alieleza, ilimchukua likizo zote za miaka mingi. Ilikuwa hadithi ya siku zijazo, ziwa likiwa limepanda na kumeza vijiji vya pwani yake, na wahandisi wawili, mama na bintiye, wakifanya kazi chini ya maji. Aliiandika kwa Kiswahili kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wakimuuliza kila mara kwa nini vyombo vya angani huzungumza Kiingereza tu. Aliupeleka mswada kwa wachapishaji, mmoja baada ya mwingine. Wengine hawakujibu. Wengine walisema hadithi za kisayansi ni za wazungu. Mwisho, mhariri mmoja wa Nairobi aitwaye Fabian Wechuli alimpigia simu akamsifu sana, akamwambia kwamba akiirudisha hadithi nyuma badala ya kuipeleka mbele, akatoa mashine, akaweka kisima na ndoa ya mapema, wizara itaipitisha kuwa kitabu cha shule.

"Na ukikataa?"

"Nimeshakataa mara nyingi. Mama yangu anataka kuona jina letu kwenye jalada kabla macho hayajazima. Nimechoka kukataa, Khadijah."

Akainuka akatoka kwenye veranda. Foleni ilimtambua, ikampisha. Caren aliwatazama kwa muda, hasa vivuli vyao, kwa namna anavyotazama kitu kilichobadilika rangi ndani ya chupa. Kisha akamuuliza Ondiek, "Nilikubali?"

"Ulikubali, Mwalimu."

"Mlinilaumu?"

"Tulipata alama nzuri," Ondiek alisema kwa adabu. "Hatukukulaumu."

Khadijah ni mfanyabiashara, na hakuona sababu ya wateja wengi hivyo kurudi mikono mitupu. Alimpigia Bwana Fabian. Mhariri alikuwa anakuja Kisumu kwa mkutano wa walimu wakuu, akaahidi kupitia dukani. Alifika na koti mkononi, jasho likimtoka, akapokea soda baridi na kusimama mlangoni akiitazama foleni kutoka kichwa mpaka mkia. Alikuwa mtu mwema. Alipokuwa shule ya bweni alisoma vitabu vya safari za nyota akivificha chini ya dawati, na hilo alilisema mwenyewe.

"Hawa wanasoma shule gani?" aliuliza.

"Hawasomi shule. Ni watu wazima. Wanataka kile cha kwanza, kama alivyokiandika."

"Wa mwaka gani?"

Khadijah akamwambia.

Bwana Fabian alikunywa soda. "Tatizo, Mama, ni kwamba mwaka wetu wa hesabu unaisha Juni. Sikatai, ni wateja wazuri. Ningekuwa na wateja kama hawa sasa hivi, ningelala usingizi. Lakini sisi tunachapisha kwa ajili ya Januari, shule zinapofungua. Kitabu kisichotahiniwa hakitembei."

"Lakini unawaona."

"Nawaona. Wizara haiwaoni."

Hata hivyo hakuondoka mara moja. Alimsogelea yule mwanamke wa gauni la kitambaa kigeni, ambaye sasa Khadijah alijua anaitwa Seline, akamuuliza kwa sauti ya chini kama huko kwao wachapishaji wanatoa riwaya za namna hii.

"Wanatoa vya shule," Seline alisema.

Bwana Fabian alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa salamu za jamaa wa mbali. Kisha akatoa mkataba wa kile cha shule kwenye mfuko wa koti, na Caren, ambaye Khadijah alikuwa amemwita pia, akautia saini juu ya kaunta, upande usio na ufa.

Alipomaliza alirudi kwenye veranda, akasema, "Kubeba hamwezi. Na kusikia, je?"

Walishauriana. Hakuna aliyekuwa amejaribu. Mzee mmoja alisema kilicho kichwani labda hakina uzito, na wengine wakaona kuna busara katika hilo.

Basi kila Jumamosi adhuhuri ikishapita, Caren alikuja na mswada wake kwenye mfuko wa nailoni, akaketi kwenye kiti cha Khadijah na kusoma kwa sauti. Wale watu waliotoka miaka ya mbele walikaa sakafuni na kwenye ngazi. Walisikiliza kwa midomo inayocheza, wakirudia kila sentensi kimyakimya ili waende nayo. Aliposoma haraka walimwomba arudi nyuma. Aliposoma neno ambalo kwao limepotea walimuuliza maana, na mara nyingine wao ndio waliomweleza maana ya kitu alichokuwa amekibuni. Makosa mawili kuhusu pampu za wahandisi wake aliyasahihisha pale pale kwa kalamu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuifuatilia kazi yake kwa makini kiasi hicho, na Khadijah, akiuza madaftari ndani, aliisikia sauti ya mwalimu ikifunguka wiki baada ya wiki.

Wapita njia walisimama pia. Mama mmoja kutoka Obunga, mwenye karai la dagaa wa omena kichwani, alisikiliza ukurasa mzima bila kulishusha. Akauliza kama hicho kitabu kiko kwenye silabasi. Akaambiwa hakiko. Akasema ni kitamu lakini, akaenda.

Jumamosi walipofika kwenye taa, mvua ilikuwa inakaribia na upepo ulivuta harufu ya gugumaji mpaka mtaani. Caren alisoma jinsi ziwa lilivyopanda likafunika maboma, na watu wakahamia mlimani na kuacha makaburi ya wazazi wao chini. Jinsi binti mhandisi alivyokataa mahali hapo pasahaulike. Alitengeneza taa zinazowashwa na mkondo wa maji wenyewe, akashuka na mama yake wakaweka moja juu ya kila kaburi na moja kwenye kila lango, boma baada ya boma, mpaka kutoka mlimani jioni mtu aliweza kunyoosha kidole na kumwambia mwanawe: pale ndipo kwetu.

Akafunga ukurasa. Hakuna aliyerudia kwa midomo. Ondiek alikuwa akitazama chini.

Seline ndiye aliyesema. "Boma la baba liko chini."

"La wapi?" Caren aliuliza.

"Huku upande wa Kano. Mimi sikuliona. Niliambiwa tu kulikuwa na ng'ombe na mti wa ober." Alitazama upande wa ziwa. "Hatukuweka taa, Mwalimu. Hakuna aliyewaza."

"Mkondo upo," Caren alisema. "Bado mnaweza."

"Maji yamekuwa meusi sasa. Na waliojua mahali palipokuwa na lango wamekufa."

Caren alishika mswada kwa mikono miwili. Alitaka kusema kitu kuhusu Bwana Fabian, au kuhusu saini yake mwenyewe, lakini Seline alimgusa goti, na mguso ule ulikuwa na joto la kawaida. "Endelea," alisema. "Tunataka kujua yule binti alipanda juu salama."

Alipanda salama. Iliwachukua mpaka Agosti kufika hapo.

Katikati ya hayo yote Caren aliandika kitabu cha Akoth kwa wiki chache za likizo, akatoa mashine, akaweka kisima. Prufu, kurasa za kukaguliwa kabla ya kuchapishwa, zilipokuja alikuta sentensi moja imebaki, ile ya taa, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeizoea. Bwana Fabian alipiga simu kuuliza kama kuna kitu zaidi cha kutoa.

"Hakuna," Caren alisema.

Jumamosi ya mwisho watu wa mbele walimshukuru mmoja mmoja, Dholuo kwa Kiswahili. Wakashuka barabara kuelekea stesheni, midomo ikicheza, kila mtu na sura za riwaya alizopewa azishike kichwani, na walipofika kwenye kona hawakuonekana tena. Januari iliyofuata kitabu cha Akoth kilifika dukani kwa makatoni. Wazazi walikigombania kwenye kaunta. Mamake Caren aliweka nakala yake kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na kila aliyekuja alionyeshwa jalada. Rafu ya juu, karibu na feni, ilibaki kama ilivyokuwa.

Shughuli za shule zilipotulia, mzee mmoja aliingia dukani, kivuli chake kikielekea kusikostahili, akauliza kama wanayo ile riwaya ya mashine iliyokwenda matangani, iliyoandikwa na Oketch wa Kisian.

Khadijah alisema hana. Akamwomba mzee aketi, akamsikiliza akieleza kwamba wako wengi nyuma yake. Jioni hiyo alifunga duka mapema akaenda Kisian, akaulizia njiani mpaka akaonyeshwa kibanda kando ya barabara ya Busia ambako mwanamume mmoja wa umri wake alikuwa ameinamia pampu ya maji, mikono meusi kwa grisi.

"Wewe ndiye uliyeandika habari za mashine iliyokwenda matangani?"

Oketch alizima jenereta iliyokuwa ikinguruma nyuma yake ili asikie vizuri. "Nani amekuambia? Hao wachapishaji wa Nairobi walisema mashine haiombolezi, itawachanganya wanafunzi."

"Kuna watu wanakitafuta."

"Watanunua?"

"Hawawezi kubeba hata kalamu."

"Sasa wanataka nini?"

"Wanataka kujua kama ililia."

Oketch alichukua kitambaa akafuta vidole kimoja kimoja, akitazama malori yanayopanda kuelekea Maseno.

"Usiwaambie kitu," alisema. "Ngoja nitafute mswada niliuweka wapi. Nataka waisikie inavyoanza."