Beseni la Ada

Kanisani kwetu huchagui wa kumwosha miguu. Siku ya meza ya Bwana unainuka na mwanamke aliyekaa kando yako kwenye benchi, mnaoshana kwa zamu, mnapeana busu la amani, basi. Ndivyo walivyofanya bibi zetu hapa Pennsylvania, na sisi tunajigamba kwamba tunawafuata.

Tunajigamba bure! Binti yangu Rhoda, aliyeondoka miaka sita iliyopita na mume wa mtu, alikuwa amerudi. Jumapili iliyotangulia alipiga magoti akatubu mbele ya wote, na askofu akamshika mkono akamwinua. Mambo yakaisha, au ndivyo nilivyodhani. Siku ya meza ya Bwana alipokaa, wanawake walisogea mmojammoja, huyu anatafuta kitabu cha nyimbo, yule anasingizia upepo wa dirishani, mpaka Rhoda akabaki peke yake mwishoni mwa benchi.

Nami nilikuwa mbele, kando ya Ada Weaver, mke wa shemasi. Alikuwa amenidaka mlangoni.

"Lena, njoo ukae nami. Ukikaa na Rhoda watasema unamtetea."

"Na nani atamwosha?"

"Ah, dada, atapatikana mtu."

Nikamfuata. Mimi, mama mzazi, nikamfuata kama kondoo.

Wanawake wakainuka wawili wawili kwenda kwenye mabeseni. Niliinama mbele ya Ada, miguu yake minene ikiwa ndani ya beseni. Nikageuka kidogo. Rhoda alikuwa ameshavua soksi. Ameketi, miguu mitupu imekunjwa chini ya benchi, anangoja, na wenzake wanampita wakitazama sakafu.

Niliwachukia wote, kisha nikajichukia zaidi.

"Dada Ada, toa miguu."

"Hujamaliza."

"Nimesema toa!"

"Lena, watu wanatazama!"

"Waache watazame. Walikuwa wakitazama wapi tangu asubuhi?"

Aliitoa, maji yakamrukia gauni. Nilibeba beseni hadi kwenye benchi la Rhoda nikaliweka kwa kishindo, na kanisa zima likageuka kututazama, hata upande wa wanaume.

"Weka miguu," nikamwambia.

Hakuiweka.

"Mama, unaniosha mimi, au unawapiga wao?"

Alisema polepole, lakini kila mtu alisikia. Alikuwa amenipata. Hasira ile ilikuwa ya haki, lakini nilikuwa nimeileta miguuni pake kama fimbo, tena mtu wa kwanza kustahili kuchapwa nayo alikuwa mimi.

Nilipiga magoti.

"Mimi nilikaa na Ada," nikasema. "Niliogopa maneno ya watu. Nisamehe, mwanangu."

Akaingiza miguu. Nilimwosha taratibu, kidole kwa kidole, kama alipokuwa mtoto. Bado nilikuwa na hasira na wale wanawake, nisiseme uongo. Lakini mikono yangu haikuwa na haraka tena.

Nilipomaliza kumfuta, nilisimama nimpe busu la amani. Akanizuia kwa kiganja.

"Bado," akasema, akipiga magoti kando ya beseni. "Keti, Mama. Vua soksi."