Stoo Haidaiwi Dirisha

Jumatatu asubuhi, kabla wenzake hawajafika ofisini, mchoraji alisogeza kikombe cha chai mbali na kompyuta akaanza kuandika faili la uainishaji la jengo jipya. Ilikuwa kazi ya mistari mitupu: namba, jina la kitu, kundi lake. Kuta za nje, kuta za ndani, milango ya mbao, milango ya kuzuia moto. Programu ya kuchorea majengo haijui ukuta ni nini mpaka iambiwe, na mahali pa kuiambia ni humo. Mafaili yaliyokuja na programu hayakufaa. Yalikuwa na namba ya chumba cha kuwekea viatu vya theluji, lakini tangi la maji la juu ya paa halikuwamo. Ndiyo maana ofisi ilijitengenezea lake, na kazi hiyo ilikuwa ya mchoraji.

Aliandika kwa uangalifu, kwa sababu majengo ya ofisi ile yalifuata faili. Mtu aliyekalia kiti chake kabla yake aliwahi kuziweka ngazi za shule moja kwenye kundi la samani, na kila likizo ngazi zilihama. Mlinzi alizikuta mara zimeegemea maktaba, mara ziko nyuma ya vyoo. Mwalimu mkuu akapiga simu kulalamika, kwa sauti ile ile ya mtu anayelalamikia bomba linalovuja. Faili likasahihishwa, likapakiwa upya, ngazi zikarudi mahali pake zikatulia.

Jengo jipya lilikuwa la ghorofa, nyumba mbili mbili kila sakafu, zimepeana mgongo. Katika kila nyumba, nyuma ya jiko, kulikuwa na chumba chembamba kisicho na dirisha. Kwenye michoro ya wauzaji wa nyumba kilikuwa na kitanda. Kwenye michoro ya kuombea kibali kitanda kilikuwa kimefutwa. Mchoraji alipofika kwenye mstari huo alimfuata msanifu, mwenye ofisi, akamuuliza aandike nini.

“Andika stoo,” msanifu alisema. “Chumba cha kulala kinadai dirisha, kinadai upana. Stoo haidaiwi kitu.”

“Lakini si atalala mtu humo?”

“Atalala mtu stooni. Sisi hatujamkataza.”

Akaandika stoo. Aliporudi kwenye chai yake ilikuwa imepoa.

Jengo likajengwa, watu wakahamia. Mama mmoja wa ghorofa ya nne alikuwa anatafuta dada wa kazi, habari zikafika ofisini kupitia wauzaji, na mchoraji akampa namba ya dada yake mwenyewe. Hilo lilimuuma baadaye kuliko mengine yote. Dada mtu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alimfunga mgongoni huku akifua nguo za watu. Sasa alikuwa na mtoto shule ya bweni na hakuwa na kazi. Siku ya kwanza alipiga simu kusema vigae vya nyumba ile vinang’aa mpaka unaona meno yako.

Mwezi haukuisha, Dada akaanza kulalamikia vumbi. Alifagia, alipiga deki, na bado kila asubuhi aliamka limemtanda mabegani. Kisha watu wa nyumba wakaanza kumwekea vitu. Hawakuwa na nia mbaya. Waliingia bila kubisha hodi, kama mtu anavyoingia stoo, wakamshikisha mwavuli, wakamlundikia masanduku mapajani, na yeye hakuona sababu ya kuyaangusha. Alipohitajika walimtoa. Alipika, alifua, aliogesha watoto, akimaliza walimrudisha wakafunga mlango. Njaa ilimwisha. Bosi wake, mama mpole, alimwambia mchoraji kwenye simu kwamba hajawahi kupata msaidizi asiyesumbua kama huyu, ila siku nyingine wanasahau wamemweka upande gani.

Mchoraji alikwenda Jumapili. Alimkuta nyuma ya meza ya kupigia pasi, feni mbovu imeegemezwa begani pake.

“Dada, twende nyumbani.”

“Na mtoto atasomeshwa na nani? Na wewe na hizo kalamu zako?” Dada alimtazama juu mpaka chini, akatabasamu. “Mdogo wangu, miaka yote ile darasani, kumbe ulikuwa unajifunza kunichorea kabati.”

Wakacheka wote wawili, na vumbi likamdondoka Dada kwenye nyusi.

Kesho yake mchoraji alimwomba msanifu wabadilishe ule mstari. Msanifu hakukasirika. Alimweleza taratibu kwamba jengo lina kibali chake, na vile vyumba vikishaitwa vya kulala, jengo zima linakuwa limevunja sheria. Mchoraji alisubiri mpaka msanifu alipotoka kwenda kukagua ujenzi mwingine, akafungua faili, akaandika: chumba cha kulala cha msaidizi. Akakipa namba, akakiingiza kwenye kundi la vyumba vya kulala, akapakia. Programu ilikipokea bila swali.

Chumba cha kulala kinadai dirisha, na ilipofika saa ya chakula cha mchana madirisha yalikuwa yamekuja. Ukuta wa nje haukuwapo. Uliokuwapo ni ule wa kupakana na nyumba ya pili, ambako nyuma yake kulikuwa na chumba kingine kama hicho. Madirisha yalifunguka hapo hapo. Dada aliinua macho akamwona mwanamke mfupi anachana nywele.

“Kumbe kuna mtu,” yule mwanamke alisema. “Mimi nilidhani ni panya.”

“Na mimi nilidhani ni bomba,” Dada akajibu.

Kuanzia hapo njaa ilimrudia Dada, na uzito wake ukamrudia. Watu wa nyumba walipomletea masanduku aliwaonyesha chini ya kitanda. Yeye na jirani yake walipeana chumvi, walipeana sindano na uzi, walisimuliana vituko vya mabosi mpaka vyungu vikaungua pande zote mbili. Alipompigia mdogo wake simu hakuzungumzia kitu kingine: jirani yangu hivi, jirani yangu vile, jirani yangu jino linamsumbua lakini mkaidi hataki kulitoa. Mchoraji alisikiliza hadithi za jino la mtu asiyemjua na hakutaka ziishe.

Wenye nyumba walilalamika. Mmoja alisema harufu za vyakula zinaingiliana, mwingine alisema siri za nyumba yake zinavuka ukuta. Simu ilipofika ofisini, msanifu alifungua faili akauona mstari. Alimwomba mchoraji ainuke, akakaa kwenye kiti chake, akaufuta mwenyewe, akarudisha stoo.

“Umenisikitisha,” alisema, akaenda kula.

Madirisha yalizibika alasiri hiyo. Dada alikuwa amenyoosha mkono kupokea kitana, akauvuta kwa wakati. Ukutani hapakubaki hata alama.

Mchoraji aliwaza kuacha kazi. Hakuacha. Aliandika mafaili ya majengo mengine, na Jumapili alikwenda kumtazama dada yake, ingawa si kila Jumapili.

Mara ya mwisho bosi alimfungulia mlango, akamkaribisha, akamwambia akimpata Dada amjulishe, maana kuna wageni jioni na nyumba nzima imemtafuta. Mchoraji alihamisha godoro la watoto, akahamisha maboksi. Dada alikuwa nyuma kabisa, amefunikwa shuka. Alimnyanyua. Alikuwa mwepesi kama kapu la nguo zilizokauka.

“Ukinitoa,” Dada alisema, “utaniweka wapi?”

Mchoraji alifikiria chumba chake cha kupanga, kitanda kimoja na meza. Kisha akamshusha polepole, akamwegemeza ukutani kama alivyomkuta.

“Basi nenda kwa jirani yangu,” Dada alisema. “Muulize kama jino limepoa.”

Mchoraji alitoka, akazunguka upande wa pili. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mlinzi wa jengo, kule chini getini, alimwambia wale watu wamehama wiki iliyopita, walileta lori wakakomba kila kitu, na stoo waliibeba kama ilivyo, bila kufungua. Yeye mwenyewe aliwasaidia kupakia. Mzigo mmoja ulikuwa unakohoa, wakauweka juu ya mingine ili usibanwe. Mji walikokwenda hakuuliza.

Mchoraji alirudi ghorofa ya nne, akapita jikoni, akainama stooni.

“Limepoa,” alisema. “Anakusalimu sana.”

“Nilijua tu,” Dada alisema. Aligeuza shavu akalibandika ukutani. “Nifunike. Vumbi.”

Mchoraji akamfunika, akarudisha maboksi, akarudisha godoro. Bosi aliuliza kutoka sebuleni kama amepatikana. Mchoraji akamwambia mahali alipo.