Mtani Alipolala Njiani

Gari la diwani liliishia pale barabara inapoishia, na barabara yenyewe inaishia chini kabisa, mlima haujaanza hata kuwa mlima. Kutoka hapo ni miguu. Jeneza la Zuhura, mke wa diwani, likashushwa, wanaume wakaliweka mabegani. Kwa Waluguru wa huku juu mwanamke hazikwi kwa mumewe, hata mumewe awe nani. Anarudi kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Basi Mheshimiwa Abasi, na miaka yake kumi na tano ya udiwani na nyumba yake ya vigae kule Kilakala mjini, ilimbidi aipande kwa miguu njia ile ile aliyoiahidi greda katika kampeni tatu.

Hawajafika mbali wakamkuta Twalibu kalala chali katikati ya njia, kwenye matope, mikono kifuani.

Watu wakacheka. Ukoo wake na ukoo wa marehemu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani msibani ana ruhusa yake: atazuia jeneza, atatukana, ataiga mwendo wa marehemu. Anayemkasirikia kajiaibisha mwenyewe.

"We Twalibu, inuka!" akasema Bi Mwajuma, dada mkubwa wa marehemu. "Kwa sura hiyo hata kaburi litakutapika."

"Siinuki. Nasubiri greda," Twalibu akajibu, macho mawinguni. "Mheshimiwa alisema linakuja. Mie na Zuhura hatuna haraka. Si ndiyo, Zuhura? Mnaona, kanyamaza. Raia mwema huyu. Anapenda amani."

Wakacheka tena, ila kicheko cha safari hii kilikuwa kifupi. Wengi walikumbuka.

Miaka miwili nyuma, kwenye mkutano wa kijiji, Twalibu alinyoosha mkono akauliza habari ya barabara. Diwani akamwambia akae, asivuruge amani. Hakukaa. Mgambo wawili wakamtoa kama mwizi wa kuku. Haikupita miezi mitatu, mkewe Mwanvita akashikwa na tumbo alfajiri. Wakambeba kwa machela ya mianzi. Walipofika hapa hapa akasema, "Baba Nasra, nishusheni kidogo, mmechoka." Wakamshusha. Hakuinuka tena. Ndivyo alivyokuwa Mwanvita: roho inatoka, yeye anawahurumia wabebaji. Wakubwa wakaleta rambirambi, wakapiga picha, wakaenda zao.

Tangu hapo Twalibu huingia ndani akasema, "Leo ukungu umeshuka," halafu ndipo akakumbuka. Msimu wa kubandua mdalasini ukifika hutoka nje akakaa mbali, maana harufu ile ndiyo ilikuwa harufu ya mikono ya Mwanvita. Kesi hakuwa na pa kuipeleka. Wa kumshtaki na wa kumshtakia walikuwa wanakula sahani moja. Baraza alilobakiwa nalo ni hili la utani.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti haikuwa ya mzaha tena, "jeneza halipiti mpaka uniambie Mwanvita aliuawa na nini."

Katibu wa diwani, Innocent, mgeni wa mlima, akamshika mkono. "Mzee, inatosha. Tuko msibani. Tudumishe amani."

"Mwache!" Bi Mwajuma akaupiga ule mkono. "Hapa si ofisini kwenu. Mtani haguswi."

Diwani akachuchumaa, kanzu ikaingia matopeni.

"Twalibu, mimi nilidhani amani ni mkutano usio na mkono hata mmoja juu. Watu wakinyamaza, nasema wameridhika. Uchaguzi uliopita nimepita bila mpinzani, nikaita demokrasia. Siku ile ya mgambo, huyu mke wangu aliniambia, 'Umemtoa nje mtu aliyekuuliza jambo la kweli.' Nikamwambia siasa haijui. Sasa nani wa kuniambia? Madaraka haya, ndugu yangu, yamenizungushia watu wa kuitikia tu."

"Sijakuuliza ya mkeo. Nimekuuliza ya mke wangu."

Diwani akatazama chini. Kisha akapaza sauti, wa nyuma nao wasikie. "Aliuawa na barabara. Fungu lilikuja. Wakubwa wakalihamisha, nami nikanyamaza nisipoteze kiti. Nilijua."

Hata wabebaji walisahau mabega yao.

Neno hilo Twalibu alilingoja miaka miwili, akiamini siku litakapotoka kifua kitashuka. Lilitoka. Na kitu cha kwanza kilichomjia ni kukimbia nyumbani akamwambie Mwanvita: "Mama Nasra, kakiri!" Naye angemtazama ile miguu ya matope, angecheka, angesema, "Haya, umeshinda. Kanawe ule." Wa kumwambia hakuna. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Akainuka. Diwani akampa mkono, hakuupokea.

"Usidhani nimekusamehe. Mimi ni mtani wa mkeo, si wako. Sogea."

Akachukua upande wa mbele wa jeneza, bega lake la kulia. Wakaanza kupanda. Waliokuwa karibu walimsikia akisema polepole, uso kwenye ubao, "Zuhura, wewe unafika kabla yangu. Ukimkuta Mwanvita mwambie kakiri, mbele za watu. Mwambie Nasra yuko mjini, Msamvu, hajambo. Mwambie na mimi..."

Hapo mwinuko ukawa mkali, pumzi ikamkata. Akabadilisha bega, akapanda.